Mabomba Yapo, Maji Hayapo

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia waliokutana kwa siku moja katika ukumbi wa kanisa. Tunayachapa hapa kwa sababu wengi waliomba nakala ya kwenda kuwasomea wenzao nyumbani.

Tulikuwa tumejitayarisha kuzungumza nanyi juu ya kuweka vitabu vya hesabu. Lakini hivi karibuni tuliulizwa swali ambalo lilitushinda kujibu papo hapo, na tangu siku hiyo halijatutoka kichwani. Basi vitabu vya hesabu vitangoja kidogo.

Tulikuwa tumekitembelea kikundi kimoja cha akina mama. Hatutalitaja jina lake, ingawa wenyewe wako hapa na wametupa ruhusa ya kueleza. Pampu yao ya mkono iliharibika. Fundi akaja, akaifungua, akawaambia kwamba spea pamoja na kazi yake ni shilingi 32,000. Wakaanza kuchanga, kila mwanachama shilingi 100 kwa juma. Walipofikisha 19,000, mheshimiwa mmoja akaja kwenye mazishi kijijini, akasimama akatangaza kwamba serikali itawachimbia kisima kirefu cha mashine, chenye pampu ya jua na tangi kubwa. Watu wakapiga makofi. Juma lililofuata wanachama kumi na mmoja wakadai warudishiwe pesa zao. Ya nini kutengeneza kitu kikuukuu na kipya kiko njiani? Mweka hazina angefanya nini? Akawarudishia.

Hiyo sasa ni miezi tisa. Kisima kirefu hakijaonekana, hata gari la kupima halijafika. Pampu ya mkono imelala. Akina mama wanateka maji mtoni, pale pale ng'ombe wanaponyweshwa, na watoto wawili wa kikundi hicho wamelazwa kwa kuhara. Mama mmoja akatuuliza hivi: "Hii serikali, ni pesa haina, ama ni sisi haituoni? Na sisi je, tungoje ama tuchange?"

Hayo ni maswali mawili. Hebu tuanze na la kwanza, maana bila kulielewa tutajibu la pili kwa hasira tu.

Pesa haina? Kwa kiasi fulani ni kweli. Kodi inayokusanywa, sehemu yake kubwa inakwenda kulipa madeni na mishahara kabla mtu hajafikiria kisima cha kijiji chochote. Lakini hiyo si sababu yote, kwa maana tumeona miradi mingi iliyopewa pesa za kutosha, tena za kumwagika, na bado ikafa. Haituoni? Hapo pia kuna kweli ndani yake. Uchunguzi wa serikali yenyewe wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba kati ya kila Wakenya 100, watu 36 walikuwa maskini. Mashambani walikuwa 40. Nairobi hawakufika 17, na Turkana walikuwa 79. Mbona tofauti kubwa hivyo katika nchi moja?

Tulipopata uhuru mwaka 1963 tuliambiwa maadui ni watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Wazee waliopo wanakumbuka. Lakini mwaka 1965 serikali ilitoa karatasi ya mipango, Karatasi Nambari 10, na ndani yake ilisemwa waziwazi kwamba pesa za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa haraka, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kupokea mambo mapya. Faida ya huko ndiyo ingesaidia sehemu nyingine baadaye. Waliofikiria hivyo hawakuwa wajinga. Nchi ilikuwa changa na pesa zilikuwa chache. Hata sisi katika shamba letu mbolea kidogo tuliyo nayo tunaiweka kwenye kipande kizuri. Lakini shamba ni la mtu mmoja, na nchi ni ya watu wote. Mwenye kipande kibaya alikaa akingoja hiyo "baadaye". Ilichukua mpaka Katiba ya 2010 ndipo ikaandikwa kwamba kuwe na Hazina maalum ya kusawazisha, nusu asilimia ya mapato ya nchi, kwa ajili ya sehemu zilizoachwa nyuma.

Sasa msifikiri kwamba Turkana haikujaribiwa kusaidiwa. Ilijaribiwa. Huko Kalokol, upande wa magharibi wa ziwa, serikali ya Norway ilisaidia kujenga kiwanda cha kugandisha samaki. Wazo lilikuwa zuri ukilisikia: ukame umemaliza mifugo, ziwa lina samaki, basi watu wavue na kuuza. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini kugandisha samaki kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na hayo ndiyo mambo mawili ambayo pale jangwani hayapatikani kwa bei nafuu. Ikaonekana kwamba gharama ya ile baridi inapita bei ya samaki wenyewe. Mashine za kugandisha zilifanya kazi siku chache tu, zikazimwa. Kisha Ghuba ya Ferguson, walikokuwa wakivua samaki wengi, ikakauka katikati ya miaka hiyo ya 1980. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, wafadhili wakafunga virago. Jengo likabaki. Kuna wakati lilitumika kuwa ghala la samaki wakavu.

Bura, katika Tana River, ni jambo la namna hiyo hiyo. Watu walitolewa sehemu mbalimbali za nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakalime pamba kwa kunyunyizia maji, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Maji yalivutwa kutoka mtoni kwa pampu za dizeli, ambazo zilitarajiwa kuwa za muda mfupi. Dizeli ilikuwa ya kununua kila siku. Siku dizeli ilipokosa, au pampu ilipokatika, mfereji ulikauka, na mkulima aliyeletwa kutoka mbali alibaki katikati ya pamba iliyokuwa ikinyauka, hana mto wala hana kwao.

Tunawaeleza haya ya mbali kwa sababu yana sura kubwa na ni rahisi kuonekana, lakini jambo lenyewe ni lile lile lililoko kwetu. Kujenga kuna siku yake ya sherehe. Kuna utepe wa kukata, kuna picha, kuna jiwe lenye jina la mgeni wa heshima. Kutunza hakuna sherehe. Hatujawahi kuona mheshimiwa akialikwa kuja kuzindua mpira mpya wa kuzuia maji kwenye pampu ya zamani! Na katika bajeti ni vivyo hivyo: pesa za kujenga ziko fungu moja, pesa za kuendesha ziko fungu jingine, na fungu hili la pili ndilo linalokatwa mwanzo mambo yakiwa magumu. Ndiyo maana mnamwona afisa wa kilimo analipwa mshahara kila mwezi lakini pikipiki yake haina petroli. Mnamlaumu kuwa mvivu. Wengine ni wavivu, ndiyo. Wengine wangetaka sana kuja.

Mwaka 1974 serikali ilianza mpango mkubwa wa maji, ikaahidi kwamba kufika mwaka 2000 kila nyumba itapata maji safi karibu nayo. Mwaka 2000 ulifika, ukapita, na sisi sote tunajua ndoo zetu zilikuwa wapi. Mabomba mengi yalitandikwa, hilo lazima tuliseme. Lakini mengi yalihitaji mashine, dizeli na mlipwa mshahara wa kuyaangalia, na hayo hayakuja kila mwezi.

Ama chukueni majosho. Wazee hapa walijenga majosho kwa harambee, kwa mawe ya kubeba kichwani. Katika miaka ya 1970 serikali ikayachukua mengi, ikawa ndiyo inayoleta dawa na kumlipa mwenye kuogesha. Watu wakafurahi, na kwa haki. Lakini kamati zile za wazee zikafa, kwa sababu hazikuwa na kazi tena. Kisha pesa za serikali zikapungua, na kuelekea miaka ya 1990 majosho yakaanza kurudishiwa wananchi. Warudishiwe akina nani? Kamati hakuna, mfuko hakuna, hata aliyejua kupima nguvu ya dawa ameshazeeka. Pitieni kando ya barabara mtayaona, yameota miti ndani.

Jambo jingine ni juu ya nani anayefikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilichagua sehemu sita za kufanyia majaribio ya maendeleo ya mashambani: Kwale, Migori, Mbere, Vihiga, Tetu na Kapenguria. Huko Tetu, Nyeri, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliwafuata wataalamu wa kilimo kutazama wanawatembelea wakulima gani. Wakakuta kwamba wanakwenda zaidi kwa wale walioendelea tayari. Mkulima huyo anajua maneno ya afisa, ana kiti kizuri cha kumkalisha, na chai iko tayari. Wa nyuma anaonekana mkaidi. Basi watafiti wakawachukua wale wa nyuma, wakawapa mafunzo mafupi ya mahindi ya kisasa pamoja na mkopo mdogo wa mbegu na mbolea. Wengi wao walipanda, na walipanda vizuri. Hawakuwa wakaidi hata kidogo. Walikuwa hawajafikiwa. Majaribio ya sehemu hizo sita yaliisha kabla miaka ya 1970 haijaisha, na mambo mengi yaliyojulikana pale yakabaki kwenye makaratasi.

Na tujiulize hapo hapo, je, katika vikundi vyetu sisi huwa tunamwita nani kwenye mafunzo? Si yule yule mwenye simu, anayejua kuandika, ambaye jina lake tunalijua? Haya, tuendelee.

Kuna lililofaulu? Lipo. Wakati wa ukoloni Mwafrika mwenye shamba dogo alizuiwa kulima chai. Leo chai nyingi ya Kenya inatoka kwa wenye mashamba madogo. Shirika la KTDA lilianzishwa mwaka 1964, na lilikubalika kwa sababu kazi yake ilikuwa na mnyororo usiokatika: mama anachuma asubuhi, kuna kituo cha kupimia majani karibu, lori linakuja siku hiyo hiyo, anapata malipo ya mwezi, na mwisho wa mwaka bonasi. Lori lisipokuja, majani yanaoza, na kiwanda hakina la kusaga. Kwa hiyo huyo wa kiwandani naye analala macho kwa ajili ya barabara ya kijijini. Wakulima wa chai wana malalamiko yao juu ya bonasi na wakurugenzi, tunayasikia kila mwaka. Lakini angalieni tofauti yake na kisima. Kisima chetu kikikauka, ni nani huko ofisini anayekosa usingizi? Mshahara wake unapungua? Haupungui. Anayepunguziwa ni mama mwenye ndoo.

Serikali imejaribu kuleta uamuzi karibu. Mwaka 1983 ulikuja mpango wa wilaya, kamati kuanzia chini hadi kwa mkuu wa wilaya. Tuliandika orodha ndefu ndefu za mahitaji, lakini pesa ziliendelea kushikwa na wizara Nairobi. Mwaka 2003 zikaja pesa za maeneo bunge. Zahanati na madarasa yakajengwa, na mengine yakakaa bila wauguzi wala walimu, maana anayejenga si yule anayeajiri. Tangu 2013 tuna kaunti 47, na kwa Katiba huduma za maji, kilimo na zahanati sasa ni kazi ya kaunti. Kwa haki, ziko sehemu ambazo barabara na zahanati zilionekana kwa mara ya kwanza. Lakini ugonjwa wa utepe umeshuka pamoja na pesa. Mwakilishi wa wadi ana miaka mitano, na anajua mtapigia kura kipya, hamtapigia kura kilichotengenezwa.

Sisi wa ofisi ya maendeleo ya kanisa tusijifanye wasafi. Miaka michache iliyopita tulitandika mabomba ya maji ya mteremko kwa vijiji vinne, mifereji ishirini na mitatu. Katika ripoti kwa wafadhili tuliandika "mifereji 23", na wafadhili wakatupongeza. Hakuna aliyetuuliza mingapi inatoa maji, na sisi hatukuwaambia. Baada ya miaka miwili ilikuwa sita. Watu wa juu walikata bomba kumwagilia sukuma wiki, na kamati tuliyoiteua wenyewe kwa haraka haikuwa na nguvu ya kuwaambia kitu. Mzee mmoja alitushika mkono akasema, "Mliharakisha sana kuondoka." Tuliona aibu, na mpaka leo tunapopita barabara ile tunaiona ile mifereji mikavu.

Basi mama yetu, swali lako la pili: tungoje ama tuchange?

Tunasema, changeni. Na tunajua kuna atakayepinga, kwa sababu katika mkutano ule mzee mmoja alisimama akasema, "Mimi nanunua sukari nalipa kodi, nanunua sabuni nalipa kodi. Tena nichange pampu? Si ninalipa mara mbili?" Mzee ana haki kabisa, na hatuna la kumjibu isipokuwa kwamba mtoto anayehara hawezi kungoja haki itendeke. Lakini kuchanga na kunyamaza ndiko kunakotuumiza. Mkishatengeneza, wekeni risiti zote, za fundi na za spea, maana hizo ndizo maneno yenu ofisini.

Halafu msiulize kama ahadi ni ya kweli kwa kumtazama mheshimiwa usoni. Ulizeni imeandikwa wapi. Kwa sheria ya fedha ya 2012, mpango wa maendeleo wa kaunti kwa mwaka unaofuata unapelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yanafika huko kufikia tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kisima chenu kama hakimo katika mpango na hakimo katika bajeti, kwa jina la wadi na kwa shilingi, basi hata aliyeahidi hana mahali pa kuchota pesa mwaka huo. Mkinyimwa habari, iko sheria ya 2016 inayompa kila raia haki ya kuomba kwa barua, na ofisi inatakiwa kujibu kabla ya siku 21 kupita. Andikeni nakala mbili, moja igongwe muhuri irudi nanyi.

Na mtakapokwenda kwenye mkutano wa maoni ya wananchi (ndiyo, ile mikutano inayotangazwa jana ifanyike kesho, na mnagawiwa soda), msiombe kisima kipya kwanza. Ombeni fundi mmoja wa pampu alipwe na kaunti kwa wadi nzima, pamoja na stoo ya spea mjini. Hilo halina jiwe la kuandikwa jina, kwa hiyo litawashangaza. Hesabuni pampu zilizolala katika wadi yenu, muende na idadi hiyo kwa karatasi, kila moja kijiji chake na tarehe iliyoharibika. Vikundi vitano vikisema jambo moja siku moja, karani analazimika kuliandika.

Kile kikundi cha akina mama kinakutana tena Jumanne. Mwenyekiti wao ametuambia asubuhi hii kwamba saba kati ya wale kumi na mmoja wamekubali kurudisha michango, na wanne bado wanasema wanamngoja mheshimiwa. Hatujawalaumu. Barua ya kuuliza kama kisima kirefu kimo katika bajeti tumewasaidia kuiandika, imepokelewa ofisini ikagongwa muhuri, na siku zinahesabiwa. Fundi yuko tayari kuanza akipewa nusu ya pesa. Akina mama watatu wa kikundi hicho wameketi pale karibu na dirisha, na baada ya chai watawaonyesha namna walivyoiandika ile barua, kwa hiyo wenye kalamu wazitoe.